Msimamizi amekataa mradi wangu wa injini ya antimata. Naombeni ushauri

Kijana wa Proxima:
Wakuu, habari za muda huu.

Niko mwaka wa tatu, shahada ya fizikia, na muhula ujao naanza mradi wa kumalizia chuo. Niliandika andiko la injini ya antimata (mata ya kinyume, ambayo chembe zake zina chaji iliyo kinyume na za kawaida) kwa safari za kwenda nyota nyingine. Msimamizi alisoma hadi kwenye jedwali la mahitaji, pale nilipoweka "antimata: kilo 10", akapiga mstari mwekundu na kunirudishia. Kasema nikachukue mada ya sola kama wenzangu.

Hoja yangu ni hii: Voyager 1 iliyorushwa 1977 inakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa hadi Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, miaka ya nuru 4.24, ungechukua miaka 75,000 hivi. Roketi za kemikali hazitufikishi. Antimata ikikutana na mata, uzito wote unageuka nishati: gramu moja kwa gramu moja ni sawa na kilotani 43 za TNT, karibu mara tatu ya bomu la Hiroshima.

Niikomalie mada, niibadilishe, au nibadilishe msimamizi?

Mla Senene:
Sisi Mbagala daladala bado tunapandia dirishani, wewe uko Proxima. Ila nakuunga mkono. Niwekee siti.

Fundi Ombwe:
Mdogo wangu, hizo kilo 10 ndizo zilizokuponza, na mimi ningepiga mstari huohuo.

Tuhesabu. Gramu moja ya antiprotoni (pacha wa protoni mwenye chaji hasi) ni chembe kama 6 ikifuatiwa na sifuri 23. Tuseme una mashine inayokupa milioni 10 kila sekunde, usiku na mchana, haizimwi hata Idd. Gramu yako ya kwanza utaipata baada ya miaka bilioni 2 hivi. Kilo 10 zidisha mwenyewe.

Ugumu unaanzia kwenye kuitengeneza. Pale CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Geneva, wanachapa protoni za GeV 26 (kipimo cha nishati ya chembe) kwenye kipande cha iridiamu, na kwa migongano milioni moja wanaambulia antiprotoni moja hivi. Nayo inatoka kwa kasi mno, lazima ipunguzwe mwendo ndipo inaswe. Umeme unaoingia ni mwingi kupita kiasi ukilinganisha na kinachopatikana. Maana yake antimata si chanzo cha nishati kama petroli ya kuchimbwa. Ni namna ya kubeba nishati ambayo umeshailipia kwingine.

Halafu uitunze. Haitakiwi kugusa ukuta wa chombo, kwa hiyo inaning'inizwa kwenye ombwe kwa sumaku na umeme, ndani ya mtego wa Penning. Chembe zote zina chaji ya aina moja, zinasukumana, hivyo huwezi kuzishindilia. Ukitengeneza antihaidrojeni (atomu nzima ya antimata) kuondoa chaji, sumaku inaishika kwa shida na lazima iwe ya baridi kali, chini ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi. Mwaka 2011 kundi la watafiti la ALPHA pale CERN waliishikilia sekunde 1,000, dunia ikapiga makofi. Oktoba 2024 kundi jingine, BASE, walipakia mtego kwenye lori wakauzungusha ndani ya eneo la CERN. Ndani yake zilikuwamo protoni 70, za kawaida, kwa majaribio.

Msimamizi hakukukatalia antimata, amekukatalia kuchora injini wakati tatizo liko kwenye tangi.

Mjuaji Tu:
Mbona nasikia antimata inaelea, haivutwi na dunia? Si roketi itapaa yenyewe?

Fundi Ombwe:
Inaanguka chini kama embe. ALPHA walipima na kutangaza 2023. Tuendelee.

Binti wa Gama:
Ndugu yangu, mimi nafanya kazi kitengo cha PET, kipimo cha picha za ndani ya mwili, hapa Nairobi, antimata ni mkate wangu wa kila siku. Florini-18, dawa yenye mionzi, inatoa positroni (elektroni yenye chaji chanya), positroni inakutana na elektroni mwilini mwa mgonjwa, zinatoka gama (miali ya nishati kubwa) mbili za keV 511, moja huku na nyingine upande wa pili kabisa. Sisi tunafurahi kwa sababu vigunduzi vinatuonyesha uvimbe uko wapi. Kwako wewe hilo ni balaa: gama haina chaji, sumaku haiishiki, na hakuna kioo cha kuirudisha nyuma. Nishati inatawanyika kila upande na nyingine inakipika chombo chenyewe. Kwa hiyo ukiendelea, achana na positroni, nenda na antiprotoni.

Hata ndizi ina potasiamu-40 na hutoa positroni moja kila dakika 75 hivi. Lakini ndizi usiziweke kwenye andiko, tafadhali.

Fundi Ombwe:
Dada kagusa penyewe, na mada yako iko hapo.

Antiprotoni ikiungana na protoni hutoka pioni, chembe ndogo zinazoishi muda mfupi. Zisizo na chaji zinageuka gama papo hapo, hizo umezipoteza. Zenye chaji zinaishi nanosekunde 26 tu, lakini kwa mwendo ule zinasafiri mita 20 hivi kabla ya kuvunjika, na sumaku inazishika. Nozeli (mdomo wa nyuma wa injini) ya sumaku inaweza kuzielekeza nyuma zikasukuma chombo. Swali la mradi: kwa sumaku ya nguvu fulani na urefu fulani, ni sehemu gani ya nishati inageuka msukumo? Unalijibu kwa simulesheni ya Geant4, programu ya kompyuta inayoiga chembe zinavyopita kwenye mata, ni bure, na laptopu ya kawaida inatosha. Msimamizi hana pa kupiga mstari.

Mama Ada:
Na ajira je? Mzazi aliyeuza shamba haelewi pioni. Mwanangu, fanya hiyo Geant4, maana ndiyo inayotumika pia kukadiria dozi za mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Ukishamaliza, omba EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia pale Kigali, au African School of Physics. CERN nao wana programu ya wanafunzi wa kiangazi, hata nchi zisizo wanachama zinaruhusiwa kuomba. Sola isubiri.

Kijana wa Proxima:
Asanteni sana wakuu. Nimepiga hesabu upya: chombo cha tani moja kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru kinahitaji kama kilo 2.5 za antimata, tena bila kupoteza chochote wala kufunga breki ukifika. Jedwali nimelitoa, sasa ni nozeli tu. Kwenye Geant4 naanzia wapi?

Fundi Ombwe:
Anza bila sumaku. Simamisha antiprotoni kwenye haidrojeni, rudia mara elfu kadhaa, uhesabu pioni zenye chaji. Wastani uwe karibu 3 kwa kila tukio. Ukipata namba ya ajabu, kagua kwanza orodha ya fizikia (kanuni za chembe unazoipa programu) uliyochagua, na sumaku usiiguse hadi hilo likae sawa.