Vijana wanaounda vifaa vya stima kwenye ploti: wazuiwe?

Mwenye nyumba wetu hapa Kayole ametoa amri: hakuna mpangaji kuunda kitu chochote cha stima chumbani. Kisa ni kijana wa gorofa ya tatu aliyeunganisha betri kuukuu za laptopu apate mwanga stima ikipotea. Moja ilifura, ikatoa moshi, godoro likaungua pembeni. Hakuna aliyeumia, lakini wapangaji tumegawanyika, na ploti kama yetu Nairobi zimejaa. Tujadiliane.

Wanaounga mkono amri nawaelewa. Madirisha yana grili, ngazi ni moja, watoto wanalala juu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza televisheni karibu na barabara ya Luthuli mjini, na kila mara nasikia mtu akisema fyuzi itamwokoa. Haitamwokoa! Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi hulinda waya. Mwili wa binadamu unaweza kudhurika vibaya kwa miliampea 30 tu zikipita kifuani, na kwa mkondo mdogo hivyo fyuzi haishtuki kabisa. Kapasita nayo, kile kijisehemu kinachohifadhi chaji ndani ya kifaa, hubaki nayo hata plagi ikishachomolewa. Na zile betri za lithiamu, seli moja haipaswi kupita volti 4.2, kijana wetu alitumia chaja isiyojua kuacha.

Hata hivyo amri hii naipinga. Richard Turere alikuwa na miaka kama 11 alipowafukuza simba waliokuwa wakila ng'ombe wa kwao, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Alitumia betri ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, taa zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka boma. Kabla ya hapo alikuwa ameifungua redio mpya ya mamake, na mama alikasirika sana. Angepigwa marufuku siku ile, je? Na taa zake hazikugusa kabisa zile volti 240 za ukutani.

Kuna aliyesema vijana waende EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, wachukue leseni. Leseni ile, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, ni ya anayefunga nyaya kwenye majengo. Mtoto wa kidato cha pili anayejaribu feni ndogo ataipatia wapi?

Rai yangu: stima ya ukutani na betri za lithiamu zitoke vyumbani, zijaribiwe mahali pamoja penye mita, swichi ya kukata stima ikivuja, na ndoo ya mchanga. Kazi ndogo za betri kavu ziachwe huru. Niko tayari kusimamia kila Jumamosi mchana, bila malipo.

Mwenye nyumba amekubali kutupa stoo ya chini. Anauliza jambo moja: kitu kikiungua humo, nani atawajibika, yeye, mimi au mzazi? Hapo nimekwama. Nyinyi mnaonaje?