Jumamosi Tunapandisha Mweka

*Kikundi cha mbio za alfajiri, Moshi. Januari 2026, Alhamisi jioni*

Mama Neema: Shikamoo Meku. Wengine habari za jioni. Nimeshajiandikisha Kilimanjaro Marathon ya Februari. Kilomita 21. Mniombee 😂

Dogo Eli: 21?? Si ulisema zile 5 za kujifurahisha?

Mama Neema: Nilisema. Halafu nikamsikia mama wa duka la dawa naye kajiandikisha 21, na mimi na yeye mwili ni mmoja.

Baba Glory: 😂😂 Hongera mama. Ule mlima wa Mweka unaujua lakini?

Mama Neema: Naupanda kwa daladala kila nikienda msibani.

Baba Glory: Kwa miguu ni habari nyingine. Pale Chuo cha Ushirika unatoka unajiona Simbu bingwa wa dunia. Ukishauacha mji, migomba inaanza na kichomi kinaanza.

Meku: Marahaba mwanangu. Usitishwe na Baba Glory, mwaka jana alitembea.

Baba Glory: Nilikuwa nasalimia watu Meku

Meku: Mama Neema sikiliza. Kupanda, piga hatua fupi, mikono ilegee, tazama mita chache mbele yako tu. Ukishindwa kumsimulia mwenzako kitu ujue umezidisha, punguza. Na kinachoumiza watu sio kupanda, ni kule kushuka. Mapaja ndiyo yanashika breki mteremko mzima. Ukishuka kwa fujo, Jumatatu ngazi za ofisini utazishuka kinyumenyume.

Meku: Na hizo saa zenu za mkononi zinazopiga kelele acheni nyumbani Jumamosi. Naenda mazoezini kuongea na watu, sio na saa.

Dogo Eli: Meku saa inatunza mwendo jamani 😭

Mama Neema: Mimi hofu yangu ni kuwa wa mwisho. Watoto wote ninaowafundisha Jumapili watakuwa barabarani.

Dogo Eli: Siku hizi hata wa kwanza hajui kama ni wa kwanza. Marathon ya dunia Tokyo Septemba iliyopita, Simbu na yule Mjerumani wote waliandikiwa 2:09:48. Ikabidi iangaliwe picha. Sekunde 0.03! Dhahabu yetu ya kwanza ya dunia

Meku: Nyie mna Simbu. Sisi tulikuwa na Ikangaa. Marathon ya Boston 1988, 1989, 1990, miaka mitatu mfululizo wa pili. Ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja. Mtu mwingine angeuza raba. Yeye Novemba 1989 akaenda New York, akawaacha wote kwa 2:08:01.

Meku: Na ukitaka wa mwisho, yupo John Stephen Akhwari wa Mbulu. Marathon ya Olimpiki Mexico City 1968 alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wa 57. Lakini walioanza walikuwa 75, piga hesabu.

Mama Neema: 18 hata mstari hawakuuona!! Basi hapo kwenye 57 niandikieni mimi

Rehema wa Rau: Mnaongea Tokyo na Mexico, mimi mnanikumbusha asubuhi ile mama alipofariki. Niliandika humu humu kwamba leo siji, nimefiwa. Kabla hata hakujapambazuka vizuri nasikia geti. Ni nyie, na bukta zenu, jasho linawachuruzika. Baba Glory akachukua sururu akaanza kuchimba mashimo ya nguzo za turubai. Dogo Eli anachota maji na raba zinamlowa. Ndugu zangu wa damu wamefika saa nne wakakuta chai iko mezani. Shangazi akaniita pembeni, "Hawa ni wa jumuiya gani?"

Baba Glory: Nikamwambia jumuiya ya saa kumi na moja. Akauliza mchungaji wetu nani, nikamwonyesha Meku 😂

Mama Neema: 😂😂🙏🏾

Meku: 🎤 (ujumbe wa sauti, 1:52)

Rehema wa Rau: Meku bando limekata, andika

Dogo Eli: Nawafupishia. Yule rafiki yake wa Ngaramtoni anakuja Februari, atalala kwa Meku. Walikutana Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, vijana, kwenye mita 10,000. Wote wawili walizungukwa na waliokuwa wanaongoza. Mpaka leo wanabishana nani alimtangulia mwenzake. Meku anasema ni yeye.

Meku: Ni mimi.

Dogo Eli: Na kila mmoja amekuwa mshenga wa harusi ya mtoto wa mwenzake. Anaomba kiburu na mtori, hataki wali.

Rehema wa Rau: Kiburu nitapika mimi. Atakimbia?

Meku: Goti lake limegoma, atafanya zile 5. Mimi nakwenda 21 na Mama Neema, mwendo wake yeye. Nimeshamaliza kushindana, sasa nataka mtu wa kupiga naye stori mpaka Mweka.

Mama Neema: Meku usinilize saa hizi, mume wangu ataniuliza nimepata habari gani

Baba Glory: Haya, Jumamosi. Saa kumi na moja kamili, raundabauti ya YMCA. Anayechelewa atatukuta juu. Nani analeta ndizi?

Dogo Eli: Mimi nilileta wiki iliyopita

Rehema wa Rau: Ulileta nne Eli. Tulikuwa tisa.