Ukoo wa Bububu: safari ya gofu Mangapwani

Salum: Assalaam alaykum jamaa. Jumapili tunataka kwenda kucheza gofu shamba, ule uwanja wa mashimo 9 wa hoteli ya Sea Cliff, upande wa Kama, Mangapwani. Tuko wanne na wawili hawajashika fimbo hata siku moja. Ami Juma, Rukia, nyinyi ndio wenyewe. Mtu asiyejua anaruhusiwa kuingia? Na tufanyeje ili tusimalize pesa zote?

Ami Juma: Waalaykum salaam mwanangu. Asiyejua anaruhusiwa, na wala haoni haya. Uwanjani watu hawaudhiki na mtu anayepiga vibaya. Wanaudhika na anayechelewesha wenzake na anayeacha uwanja umeharibika. Hayo mawili mgeni anaweza kuyaepuka tangu siku ya kwanza, na nitayaeleza.

Ami Juma: Kwanza pigeni simu, msiende kichwa kichwa. Uwanja wa hoteli hutanguliza wageni wanaolala pale, na ukiwa na mashindano siku hiyo mnarudi na begi lenu.

Rukia: Na ukipiga simu usiulize "gofu bei gani?" utajibiwa namba moja tu. Uliza kimoja kimoja: mashimo tisa kiasi gani, kukodi begi la fimbo kiasi gani, kedi (mbeba mabegi) kiasi gani, na huyo kedi anabeba begi la mtu mmoja au mawili, kigari ni lazima au hiari, ndoo ya mipira ya mazoezi kiasi gani na ina mipira mingapi. Halafu uliza kama kuna bei ya mkaazi. Chukueni vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, bila kitambulisho mkononi mtu hawezi kukupunguzia.

Rukia: Uliza pia bei kwa shilingi, maana wengine walizoea kusema dola halafu wanabadilisha kwa kiwango chao.

Shangazi Zuwena: Kigari cha nini watoto wazima hao? Si wana miguu.

Rukia: Kweli shangazi, mashimo tisa ni mwendo wa kilomita tatu nne, watembee. Kigari ndicho cha kwanza kukata. Kedi msimkate. Chukueni angalau mmoja kwa nyote wanne. Yeye ndiye anayeona mpira umeangukia wapi, na mpira uliopotea ndio unaokula muda na pesa.

Salum: Fimbo tukodi mabegi manne?

Rukia: Sheria inataka kila mchezaji awe na fimbo zake, zisizidi 14, na viwanja vingi havikubali watu wawili begi moja. Ila mgeni hahitaji hata nusu ya hizo. Saba zinatosha: mbao namba 5 (fimbo ndefu yenye kichwa kinene) au haibridi moja (mchanganyiko wa mbao na chuma), chuma namba 6, namba 7, namba 9, weji ya kawaida (fimbo fupi ya kuinua mpira), weji ya mchanga, na fimbo ya kusukumia kwenye grini (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo). Wakikupa draiva iache ikae begini. Ni ndefu kuliko zote na uso wake umesimama, kosa dogo la mkono inaligeuza kuwa mpira wa msituni. Anza kila shimo na chuma namba 7. Ukienda mita 90 zilizonyooka, mara tatu hivyo umeshafika grini kwenye mashimo mafupi.

Rukia: Mipira chukueni iliyotumika, sita kwa kila asiyejua. Mpya ni kuitupa bure. Vijiti vya kuwekea mpira kumi kumi. Glovu si lazima.

Mama Asya: Na mavazi je? Asya anataka kwenda na hijabu yake.

Rukia: Aende nayo. Shati refu la mikono mirefu juu ya suruali pana ya kitambaa, mtandio auchomeke ndani ya shati. Kitambaa kikining'inia kifuani mikono inakinasa wakati fimbo inapanda, na mpigo unaharibika. Buibui pana linasumbua kwa sababu hiyo hiyo. Wanaume shati lenye kola, suruali ya kitambaa, jinzi viwanja vingi havitaki. Viatu raba za soli bapa. Kandambili hapana, wala kiatu cha mpira wa miguu chenye meno magumu, kinachana grini.

Khamis: Saa ngapi muda mzuri? Mimi nilifikiri baada ya Alasiri jua limepoa.

Ami Juma: Hesabu kwanza, Khamis. Wanne, wawili wageni, mashimo tisa ni saa mbili na nusu. Ukianza saa 10 kasorobo unamaliza saa 12 na robo. Mwezi huu wa Juni hapa kwetu jua linazama kama saa 12 na robo hiyo hiyo, kwa hiyo shimo la mwisho mtalicheza gizani na Magharibi itawapita. Februari ingewezekana, jua linachelewa kwa karibu nusu saa. Sasa hivi nendeni asubuhi, shimo la kwanza saa 1. Upepo nao asubuhi umelala, kusi linapata nguvu mchana.

Ami Juma: Ubaya wa asubuhi ni umande tu. Grini yenye umande mpira hauendi, sukuma kwa nguvu zaidi kwenye mashimo mawili matatu ya mwanzo, halafu jua likishakausha punguza.

Khamis: Usafiri nao? Gari ya 102 ya Bumbwini inapita huko.

Salum: Inapita, ila kutoka barabarani hadi uwanjani tena bodaboda. Na saa 1 tuwe tumeshafika. Tutachanga mafuta tuende na gari moja.

Rukia: Mfike saa 12 na nusu. Ile nusu saa ndiyo muhimu kwa hao wawili. Ndoo moja ya mipira ya mazoezi wagawane. Nawaandikia makosa watakayoyafanya, maana karibu kila mgeni huyafanya.

Rukia: La kwanza: mpira unapigwa kichwani, unaviringika mita kumi. Sababu ni kutaka kuuinua. Mtu anaegemea mguu wa nyuma na kuchota kama anachota pilau. Fimbo inaufikia mpira tayari inapanda juu, inagusa nusu ya juu ya mpira. Dawa: kwa chuma namba 7 weka mpira katikati ya miguu, uzito uhamie mguu wa mbele wakati wa kupiga, na upige kwenda chini. Uso wa fimbo umelazwa makusudi, huo ndio unaoinua mpira. Wewe kazi yako ni kuupiga mpira kwanza, nyasi baadaye.

Rukia: La pili: mpira unakunja kulia (kwa mwenye mkono wa kulia). Uso wa fimbo unafika umefunguka. Tazama mkono wa kushoto: ukiangalia chini uone vifundo viwili vya vidole. Ukiona kimoja tu au hakuna, ugeuze mkono kidogo kulia. Na usiikabe fimbo. Ukiikaba mabega yanakauka, na mpigo wote unakuwa wa mikono.

Rukia: La tatu ni kupiga kwa nguvu zote. Asilimia 70 inatosha, na umalize umesimama wima, kifua kinatazama unakopeleka mpira. Ukiyumba mwishoni ujue ulizidisha.

Salum: Nahifadhi hizi. Upepo ukija je?

Ami Juma: Upepo wa mbele chukua fimbo ndefu kwa hatua moja au mbili, yaani badala ya namba 7 chukua namba 6, upige taratibu. Mtu hukosea hapa akaongeza nguvu. Nguvu inaongeza mzunguko wa nyuma, mpira unapanda juu, upepo unaushika na kuuangusha hapo hapo.

Ami Juma: Sasa nije kwenye lile langu la kuchelewesha. Mchezaji anatakiwa apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake ifike. Aliye tayari apige, msingojeane kwa adabu nyingi, mradi hakuna mtu mbele yake. Mpira uliopotea unatafutwa dakika 3, zikiisha umepotea kisheria. Zamani zilikuwa 5, zikapunguzwa mwaka 2019. Mkiona wanaofuata wanasimama kuwangoja, kaeni pembeni wapite.

Ami Juma: Na wekeni kikomo cha mikwaju, yaani mapigo. Shimo la mikwaju 4 (ndicho kiwango chake, mchezaji mzuri hulimaliza kwa 4), ukifika 8 bila kuingiza, okota mpira, andika 8, nenda zako. La mikwaju 3 kikomo 6. Sheria za gofu zinautambua mchezo wa namba ya juu kama huu, si kwamba mnajibunia. Hakuna kinachomvunja moyo mgeni kama kuhesabiwa 14 kwenye shimo moja huku watu wanatazama.

Rukia: Au hesabuni kwa pointi, ndiyo tamu zaidi kwa watu wa viwango tofauti. Kiwango cha shimo pointi 2, mkwaju mmoja zaidi pointi 1, mmoja pungufu 3, ukizidisha miwili au zaidi sifuri na unaokota mpira. Kwa wageni wapeni mikwaju mitatu ya nyongeza kila shimo, yaani mnaipunguza kabla ya kuhesabu pointi. Mfumo wa handikapu (hiyo mikwaju ya nyongeza) wa dunia ulioanza 2020 unaruhusu mpaka 54, ambayo ndiyo mitatu kwa kila shimo katika 18. Kwa hiyo asiyejua anaweza kumshinda anayejua, kihalali kabisa.

Shangazi Zuwena: Hilo la mpira kumpiga mtu ndilo linalonitia hofu. Nasikia ni mgumu kama jiwe.

Ami Juma: Mgumu shangazi, na hofu yako ni ya haki. Anayepiga wote wawe nyuma yake au pembeni kabisa anakowaona, hata aliye mbele kidogo kwa pembeni hayuko salama, kwa sababu mpira wa mgeni unaruka popote. Usipige mpaka walio mbele wamefika mbali kuliko mpira wako mrefu kabisa. Mpira ukielekea kwa watu, piga ukelele "foo!" kwa sauti yote. Nawe ukiusikia usigeuke kutazama, inama ufunike kichwa kwa mikono. Radi ikisikika mchezo umekwisha, hapo hapo, fimbo chini.

Rukia: Na mpira ukiingia kwenye mawe au kichaka cha nje, usitie mkono kwenye tundu. Uache. Nguzo nyeupe maana yake uko nje: unarudi ulipopigia, mkwaju mmoja wa adhabu. Ukiwa na shaka piga mpira wa akiba kabla hujaondoka, uwaambie wenzako kuwa huu ni wa akiba. Nguzo nyekundu (eneo la adhabu, kama bwawa) ni nafuu: mkwaju mmoja wa adhabu, unadondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia, usisogee karibu na shimo. Mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti.

Mama Asya: Na kwenye yale mabonde ya mchanga ya uwanjani, Asya ataweza kutoka?

Rukia: Ataweza akijua kuwa haupigi mpira, anapiga mchanga. Weji ya mchanga, uso aufungue kidogo, apige sentimita tano nyuma ya mpira na asisimamishe fimbo, mchanga ndio unaoutoa. Kabla ya kupiga asiguse mchanga kwa fimbo, mbele wala nyuma ya mpira, ni mikwaju miwili. Aingie upande wa chini, asirukie ukingo wa juu ukabomoka, na akitoka asawazishe nyayo zake kwa reki.

Ami Juma: Ahsante Rukia, umenifikisha kwenye la uwanja. Mpira ukitua kwenye grini kutoka juu unaacha kibonyo. Wengi wanakitengeneza kwa kuchomeka uma mdogo wa grini chini na kukwanyua udongo upande juu. Hapo umekata mizizi, panageuka kahawia na panabaki hivyo wiki mbili tatu. Chomeka pembeni ya kibonyo, sukuma nyasi za ukingoni kuelekea katikati, zunguka pande zote, halafu gandamiza kwa fimbo ya kusukumia mpaka mkono ukipita usihisi kitu. Pakitengenezwa hivyo mara moja panapona kwa siku chache. Hata kijiti cha mpira kinafanya kazi hiyo. Tengeneza chako na kimoja cha mwingine.

Ami Juma: Nje ya grini, pande la nyasi ulilong'oa usilirudishe kama unavyoona kwenye televisheni za Uingereza. Nyasi za nchi za joto hutambaa, pande lililong'oka linakauka kwa jua letu. Jaza mchanga mpaka usawa, kanyaga, nyasi za pembeni zitatambaa juu yake. Kedi huwa na mchanga, mwombe.

Rukia: Na hizo nyasi zinazotambaa zinavuta mpira kwenye grini. Simama nyuma ya mpira utazame: zikimeta zimelala kwenda mbele, mpira utakwenda kasi. Zikiwa nyeusi nyeusi zimekuelekea wewe, ongeza nguvu.

Salum: Hapo nimefahamu kitu sikuwahi kukisikia. Kesho saa 3 nitapiga simu, majibu nitayaweka hapa. Maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, mipira iliyotumika, vitambulisho. Nimesahau nini?

Ami Juma: Uliza na hili: grini zimetobolewa lini? Mara moja moja wanazitoboa matundu na kumwaga mchanga ili mizizi ipumue na maji yashuke. Ni kazi nzuri, lakini kwa wiki mbili hivi mpira unarukaruka na haunyooki, na kwa bei ile ile. Wakikwambia wametoboa wiki hii, omba wakupunguzie, na wakikataa sogezeni safari mpaka mwisho wa mwezi.

Salum: Nimeliandika, ami.