Hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni: ni haki?

Mtoa mada: Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Mwaka jana baba yangu mdogo alifariki baada ya kulazwa siku 11. Bili iliyobaki ilikuwa shilingi milioni 2.3, tukaambiwa tumalize kwanza ndipo tupewe mwili. Tulichanga siku nne. Kila asubuhi gharama ya mochwari iliongezwa kwenye bili ileile, yaani tulitozwa kwa kumhifadhi mtu waliyekataa kutupa. Nyumbani turubai limefungwa, mama mdogo yuko mkekani, kila simu ikiita anauliza, "Wamemtoa?"

Ibara ya 12(2) ya Katiba yetu ya Tanzania inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Najua wapo watakaosema marehemu si mtu tena. Mbona lugha yetu bado inamhesabu? Maiti anaoshwa, anavikwa sanda, anazikwa. Kinachowekwa rehani ni shamba au pikipiki, kwa sababu mdai anaweza kukiuza akapata fedha yake. Mwili haupigwi mnada. Rehani hiyo ina thamani moja tu, nayo ni uchungu wa wafiwa. Hospitali inadai fedha zake kwa kutumia uchungu huo, na mimi nasema hapana.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana kwa msiba, dada. Mimi ni mhasibu wa hospitali ya misheni. Tumewahi kuachia miili kwa ahadi za maandishi, na wengi wa walioahidi hawapatikani tena kwenye simu. Dawa, oksijeni na vitendanishi vya maabara tunanunua kwa fedha. Deni lisipolipwa, mgonjwa anayefuata anaandikiwa dawa akanunue nje. Utu wake yeye nao tuuweke wapi? Halafu nimeshaona familia iliyolia haina kitu ikaja kuchukua mwili na msafara wa magari sita.

Mchangiaji wa pili: Huku Kenya hata walio hai wamezuiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa kukosa pesa za kulipa. Jaji alisema haki zao za kikatiba zilikiukwa, na heshima ya binadamu, Kifungu cha 28, ikiwa mojawapo. Lakini zuiazuia haijaisha.

Mtoa mada: Kaka mhasibu, hilo la mgonjwa anayefuata limenigusa, silipuuzi. Sijasema deni lifutwe. Tuandikishane mbele ya mtendaji wa mtaa, na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na wadhamini wawili. Sisi tungetia saini siku ileile. Afisa ustawi wa jamii naye aitwe mgonjwa angali kitandani, ajue mapema nani hana uwezo na nani anajificha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, na huko ndiko pengo lako linakopaswa kuzibwa. Wenye magari sita wapelekeni mahakamani, wana mali ya kukamatwa.

Ila kaka, nijibu hili moja. Familia isiyo na kitu kweli, na mwili mmeushikilia hadi siku ya kumi: hapo mnakuwa mnasubiri nini?