Mjadala: Wenye akili watengewe darasa lao? Na mtoto achaguliwe opsio (tawi la masomo ya sekondari) na nani?

Mwalimu wa mwaka wa 8, Katuba

Ndugu wa Lubumbashi, kwenye kikao cha wazazi cha shule ninakofundisha limetolewa pendekezo: watoto wa mwaka wa 7 na wa 8 wenye pointi za juu wawekwe darasa lao, wapewe walimu bora, waandaliwe kwa Hisabati-Fizikia. Wengi walipiga makofi. Siku ile nilinyamaza. Leo nasema napinga.

Mwisho wa mwaka wa 8 mtoto hapa Kongo anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa. Jina la mtihani huo lina kazi mbili ndani yake: kuteua na kuelekeza. Kuteua tunakujua sana. Kuelekeza tumekuacha. Mwenye pointi anakwenda Hisabati-Fizikia au Biolojia-Kemia, anayemfuata Biashara, na anayebaki anasukumwa Ualimu, au Ushonaji kama ni msichana. Hakuna anayemuuliza anapenda nini, wala mikono yake inajua nini.

Nilikuwa na kijana ambaye hisabati hakupita 9 kwa 20. Siku moja redio ya mwalimu mwenzangu ilikufa. Kijana aliifungua kwa kisu cha mezani, akapuliza vumbi, akafuata waya kwa kidole mpaka alipokuta umekatika, akauchomelea kwa msumari aliopasha kwenye makaa. Redio ikalia. Kwenye karatasi yake ya mwisho wa mwaka palikuwa pameandikwa “uwezo mdogo”. Niliandika mimi, kwa kalamu yangu.

Mama wa watoto wanne, Kampemba

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa sikubali. Tangu masomo ya msingi yawe bure, Septemba 2019, wanangu wote wanasoma, na ninamshukuru Mungu. Ila madarasa yamejaa. Binti yangu yuko kati ya watoto zaidi ya 80. Anamaliza zoezi wa kwanza, anakunja mikono, anangoja. Siku hizi anapewa madaftari ya wenzake asahihishe. Nilimuuliza umejifunza nini leo, akaniambia: “Mama, nimesahihisha.”

Mwenye pesa anampeleka wake shule ya binafsi. Mimi nauza unga soko la Kenya, hapa hapa mjini. Mkikataa darasa hilo kwenye shule ya serikali, mtoto wa tajiri hamjamnyima kitu. Mmemnyima wangu.

Mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali

Niliacha kazi 2003, tulipoondoka watu zaidi ya elfu 10 kwenye mpango wa kuondoka kwa hiari. Kampuni ilikuwa na shule zake, na ilichagua watoto, tena kwa ukali. Lakini aliyepelekwa kwenye ufundi alikuta mashine inazunguka na kazi inamngoja. Miaka ya 1980 tulifika karibu tani 480,000 za shaba kwa mwaka. Mainjinia peke yao hawakuzitoa. Kulikuwa na wachomeleaji, mafundi umeme, wakereza vyuma, na mtu wa namna hiyo alitembea Lubumbashi kichwa juu.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama mjukuu wangu, yuko opsio ya Mekanika. Shule sitaitaja. Mwalimu alikuwa anachora mashine ya kukereza ubaoni kwa chaki, vizuri kabisa, kila gurudumu na kila mkono wake. Mashine yenyewe ilikuwa nyuma ya darasa, haina mota. Watoto walikuwa wametundika makoti juu yake.

Mnagombania darasa la wenye akili. Wanunulieni mota kwanza.

Mwalimu wa msingi, Ruashi

Neno moja tu. Nilikuwa wa pili darasani nikachagua Ualimu kwa kupenda. Shangazi yangu alinipa pole kama tuna msiba. Hao walimu bora mnaowataka kwa darasa la wateule, mtawapata wapi ikiwa Ualimu mnautupia waliobaki?

Mwalimu wa mwaka wa 8, Katuba

Mama wa Kampemba, nimeyasoma maneno yako mara tatu. Umenishinda kwa sehemu: binti yako asiendelee kungoja, na kusahihisha si kazi yake, ni yangu na ya wenzangu. Apate hisabati ya juu mchana baada ya masomo, bila malipo, na mlango uwe wazi kwa yeyote anayeweza, aingie na atoke muhula wowote.

Darasa la kudumu bado nalikataa. Ujerumani, katika majimbo mengi, watoto hugawanywa wakiwa na miaka 10 hivi, na hadi leo wanabishana kama si mapema mno. Ufini walifuta mgawanyo wa namna hiyo miaka ya 1970, wakawaacha watoto wasome pamoja mpaka miaka 16. Sisemi tuige. Nasema mimi, ninayekaa na mtoto kila siku, nilimkosea kijana wa redio, na opsio akishaingia ni miaka minne mpaka diploma ya kumaliza sekondari.

Kikao kingine ni kabla ya kuandikisha watoto. Nitaomba jambo hili: kabla ya karatasi ya opsio kutiwa sahihi, kila mtoto wa mwaka wa 8 akae na mwalimu na mzazi wake, na mtoto mwenyewe aanze kusema. Tata mstaafu, tafadhali njoo uwaeleze habari ya ile mashine. Watakusikia wewe kuliko mimi.