Posti za AI zisikike kama sisi: prompti ndefu, mifano yetu, programu za "kubinadamisha" au kujirekodi kwanza? Naomba ulinganisho kwa waliojaribu

Mshona_Mikoba
Wakuu habari zenu. Tunashona mikoba ya ngozi, tupo watu 4, na mimi ndo naandika kila kitu, posti, imeili za wateja, maelezo ya bidhaa kwenye tovuti. Mwaka jana nikaanza kutumia AI maana muda hakuna kabisa. Sasa wiki iliyopita mteja wetu wa siku nyingi kanitumia meseji, "siku hizi mmeajiri mtu wa kuandika? maana siwasikii nyie humo". Iliniuma. Nikarudi kusoma posti zetu za miezi 3 nikaona kweli anachosema, ukifuta jina letu ukaweka la muuza viatu au mashuka hakuna kinachobadilika.

Mfano huu hapa niliuposti mwenyewe: "Mikoba yetu ya ngozi halisi imeundwa kwa ustadi wa hali ya juu ili kukupa uimara, mtindo na umaridadi usio na kifani."

Njia ninazozifikiria ni prompti ndefu (yaani maelekezo ninayoiandikia AI) yenye sheria za brandi yetu, au kuipa mifano ya maandishi yetu ya zamani iige, au hizi programu zinazosema zinabinadamisha maandishi ya AI, au mwisho nijirekodi kwa sauti halafu AI inyooshe tu. Ipi inafanya kazi kweli? Na kumbukeni naandika Kiswahili, ushauri mwingi ninaousoma ni wa Kiingereza.

KalamuYaZamu
Nimekaa na prompti ndefu karibu mwaka mzima kwa hiyo naisemea hiyo. Kwanza futa sifa zote. Ukiandika "toni ya kirafiki, ya kitaalamu, yenye kuvutia" hujasema kitu, kila mtu duniani kaandika hivyo hivyo na mashine yenyewe kazi yake ni kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata, kwa hiyo ukiipa maneno ya kila mtu inakurudishia sauti ya kila mtu. Kinachosaidia ni sheria inayopimika. Zangu ni kama hizi: sentensi ya kwanza isizidi maneno 12, usianze kwa swali, msomaji ni "wewe" sio "mteja wetu mpendwa", usitaje ubora bila kusema kitu gani hasa kinachofanya kiwe bora.

Udhaifu wake nao upo. Orodha ya maneno marufuku haiishi. Ukikataza "ubora wa hali ya juu" inakuletea "ubora usio na kifani", ukikataza hicho inakuja na "ubora wa kipekee", yaani unamfukuza mtu mlangoni anaingia dirishani. Prompti inapunguza ubaya, lakini sauti haileti.

Nuru_Imeili
Kuongezea kwa Kalamu, mimi nilihamia kwenye mifano na tofauti niliiona siku hiyo hiyo. Hili sio jambo jipya, tangu GPT-3 (AI ya OpenAI iliyokuja kabla ya ChatGPT) mwaka 2020 ilishaonekana kwamba ukiiweka mifano michache ndani ya prompti yenyewe inashika mtindo bila kufundishwa upya. Ila watu wanakosea kwenye kuchagua. Wanamwaga kila kitu walichowahi kuandika. Chagua 5 mpaka 8, za aina moja (imeili kwa imeili, kapsheni kwa kapsheni, usichanganye), na ziwe zile ambazo wateja walikujibu, sio zile wewe unazozipenda.

Angalia mambo mawili. Inaiga umbo haraka kuliko inavyoiga moyo, mifano 3 ikianza na swali basi utapewa maswali mpaka uchoke. La pili ni hatari zaidi, inabeba na habari za ndani ya mfano. Niliweka imeili ya zamani iliyokuwa na ofa iliyoshaisha na ile ofa ikafufuka kwenye imeili mpya, nikaiona dakika ya mwisho kabla haijaenda kwa watu. Siku hizi kwenye mifano nafuta tarehe, ofa na ahadi zote kabla sijaipesti.

Mhariri_wa_Usiku
Kuhusu programu za kubinadamisha, achana nazo, na naomba nieleze kwa nini maana naona watu wanalipia.

Hizo hazikutengenezwa ili msomaji akusikie wewe. Zimetengenezwa kukwepa vigunduzi vya AI, yaani programu zinazokisia kama maandishi yameandikwa na mashine, na vigunduzi vyenyewe ni dhaifu. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa cha kwao Januari 2023, kwenye majaribio yao wenyewe kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na kikawasingizia binadamu kwa asilimia 9 ya maandishi yao, Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu usahihi ulikuwa mdogo. Mwaka 2023 pia watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walipima vigunduzi kadhaa kwenye insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza), zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao, na zaidi ya nusu zikahukumiwa kuwa za AI. Sasa unalipa pesa kumkwepa hakimu asiyeona.

Na kazi yenyewe zinazofanya ni kubadili maneno kwa visawe na kukatakata sentensi. Nilijaribu moja kwa Kiswahili, "mshono wa mkono" ikatoka "ushonaji wa kiganja". Nani anaongea hivyo?

Kama hofu ni Google, msimamo wao tangu Februari 2023 ni kwamba wanaangalia kama maandishi yanamsaidia msomaji, sio yametengenezwaje. Walichokaza Machi 2024 ni kurasa zinazomwagwa kwa wingi bila thamani ili zipande kwenye matokeo, na hapo hata kama zimeandikwa na watu zinaguswa.

Mshona_Mikoba
Asante sana wakuu, hiyo njia ya tatu nimeshaifuta. Kalamu, hiyo sheria ya kutotaja ubora bila kusema kitu gani naichukua leo leo. Upande wa Kiswahili mnafanyaje? Kuna kitu nakisikia hakiko sawa lakini siwezi kukitaja jina.

Lugha_Kwanza
Nakitaja mimi. Inaandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Imesoma Kiingereza kingi mno kuliko lugha yetu na hilo linaonekana kwenye mifupa ya sentensi hata sarufi ikiwa safi. Ukiona "Katika ulimwengu wa leo unaokwenda kasi" jua ndo hiyo. "Sio tu mkoba, ni mtindo wa maisha". "Inua mwonekano wako". "Iwe unaenda kazini au matembezini". "Mkoba huu unakuja na mifuko 3", mkoba hauji, mkoba una mifuko 3. Halafu sifa zikipangwa tatu tatu kila sentensi, uimara na mtindo na umaridadi, kama kwenye ule mfano wako hapo juu.

Wengine wakiona hivyo wanaiambia "tumia lugha ya mtaani" na hapo ndo inaharibika kabisa, maana inachanganya mitaa yote, "msee" na "mkuu" na "bwana wee" kwenye sentensi moja, mtu yeyote anayeongea Kiswahili anajua hakuna binadamu mmoja mwenye mdomo huo. Afadhali Kiswahili cha kawaida kilichonyooka kuliko mtaa wa kuigiza.

Kipimo changu ni kimoja, soma kwa sauti ukijifanya unamjibu mteja kwenye simu. Sentensi utakayoona aibu kuitamka, futa. Usiihariri, futa, maana mara nyingi haikuwa na habari yoyote ndani.

SautiKwanza
Nimengoja mtu aitetee njia ya nne hakuna, ngoja niseme. Kwangu hii ndo imeshinda zote na sababu ni rahisi, hizo nyingine zote zinaanza na maneno ya mashine halafu unahangaika kuyavalisha nguo zako, hii inaanza na maneno yako.

Navyofanya, nachukua swali MOJA ambalo mteja kaniuliza kweli. Sio mada, swali. Najirekodi dakika 2 au 3 namjibu kama yuko mbele yangu, nakosea, narudia, sijali. Nageuza sauti kuwa maandishi (hapa pitia mwenyewe maana Kiswahili inakosea kusikia sana, majina hasa) halafu naiambia AI: punguza, panga, usiongeze wazo wala sifa ambayo sijasema, neno langu likiwa la ajabu liache. Hiyo "usiongeze" lazima uiseme, usipoiambia inarudisha umaridadi usio na kifani.

@Mshona_Mikoba swali gani unaulizwa zaidi?

Mshona_Mikoba
Zipu. Kila mtu anauliza zipu itadumu?

SautiKwanza
Basi jirekodi hilo usiku huu huu.

KalamuYaZamu
Naikubali ila nina pingamizi. Mwenye bidhaa 200 kwenye tovuti atajirekodi mara 200? Na sio kila mtu anaongea vizuri, mimi mwenyewe nikiwasha rekoda naanza kuongea kama natangaza taarifa ya habari.

SautiKwanza
Pingamizi la haki. Maelezo ya bidhaa (vipimo, rangi, ngozi ya aina gani, mkanda unarefuka mpaka wapi) tumia mifano ya Nuru na sheria zako, pale msomaji anatafuta habari sio sura yako. Sauti iweke kwenye vile ambavyo mtu anakufuata wewe, posti, imeili ya kwanza kwa mteja mpya, ukurasa wa "sisi ni nani". Na kuhusu rekoda, usiongee na rekoda. Mpigie mtu mnayefanya naye kazi akuulize, rekodi mazungumzo, utatoka kwenye utangazaji haraka sana.

Mpitaji_22
Na kuifundisha modeli yako mwenyewe kwa maandishi yako yote? Naona watu wanaitaja sana

Nuru_Imeili
Kwa watu 4 hapana. Unahitaji mifano mingi iliyosafishwa vizuri, na ukibadili mtindo au bidhaa unarudia kazi. Ni ya timu kubwa inayoandika kitu kile kile maelfu ya mara.

Ila kuna jambo naona limepita na kwangu ni kubwa kuliko toni. Ukiiambia AI "iwe na ubinadamu zaidi" inatunga ubinadamu. Kuna kazi niliwahi kuandikia, tukaiomba iweke hadithi kidogo kwenye ukurasa wa mwanzo, ikaleta bibi aliyemfundisha mwanzilishi ufundi. Hakuna bibi. Ilikaa hewani siku kadhaa mpaka ndugu wa mwanzilishi akauliza huyu bibi ni nani. Ilibidi tuifute na kuwaeleza wateja, na ile aibu bado naikumbuka.

Sheria nayo haikuachi. Februari 2024 kule Kanada baraza la usuluhishi liliiamuru kampuni ya ndege ya Air Canada imlipe abiria kwa sababu chatboti yao (programu inayojibu wateja kwenye tovuti) ilimpa maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, ile ya punguzo kwa aliyefiwa, kampuni ikajitetea kwamba chatboti inajibika yenyewe, wakakataliwa. Na Marekani mwaka huo huo FTC, mamlaka yao ya kulinda walaji, walipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja, pamoja na yaliyotungwa na AI. Kwa hiyo ile "mteja wetu mmoja alisema..." kama hakusema mtu, toa.

Mshona_Mikoba
Wakuu nimerudi, wiki 2 zimepita. Nilifanya jaribio. Swali la zipu nikaliandika kwa njia 3, prompti yenye sheria, mifano, na sauti, nikawatumia watu 6 bila kuwaambia ipi ni ipi, wakiwemo wenzangu na yule mteja. Nikawauliza ipi ni sisi. Watano wakachagua ya sauti, mmoja ya mifano. Ya prompti hakuna aliyeigusa, ingawa haikuwa na kosa lolote.

Hii ndo ya sauti baada ya kupunguzwa:

"Zipu ndo kitu cha kwanza kufa kwenye mkoba, hatukudanganyi. Kwa hiyo tumeishona peke yake, na mshono wake hausimami kwenye mshono wa ngozi. Ikifa unaleta, tunafumua mstari mmoja, tunaweka mpya, ngozi haiguswi."

AI ilikuwa imeweka "kwa dakika chache tu" kwenye hiyo ya kufumua, sikuisema mimi. Fundi wetu alipoisoma akaniambia futa hiyo, kubadili zipu ni kazi ya nusu siku. Tangu hapo kila posti anaisoma yeye kwanza.

Maelezo ya bidhaa nimeweka mifano 6 pamoja na sheria za Kalamu na yanaenda vizuri. Yule mteja jana kaijibu posti ya zipu, hakusifia maandishi wala nini, kauliza tu kitambaa cha ndani nacho kikichanika kinafumuliwaje. Nimeshamwambia fundi leo jioni aniulize hilo huku nimewasha rekoda.