Naomba ushauri: kumshusha mama salama kutoka vibanda vya vita vya Lanikai

Wakuu, habari zenu. Jumanne tunapanda ukingo wa Kaiwa huko Lanikai, kisiwani Oahu, Hawaii, hadi vibanda vya zege ambamo askari wa Marekani walikuwa wakiangalia bahari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mama ana miaka 66 na magoti yanamsumbua kwenye mteremko.

Umbali si tatizo, kwenda na kurudi haifiki kilomita 3. Shida ni kipande cha mwanzo: mwinuko mkali, udongo mkavu mgumu, juu yake changarawe zinazoviringika chini ya soli kama choroko sakafuni. Kupanda unashika mwamba. Kushuka ndiko watu wanakoteleza. Njiani hakuna choo, maji wala kivuli cha maana.

Nimeshaandaa viatu vyenye meno, fimbo mbili, glavu na maji lita 2 kila mtu. Tutaanza alfajiri na tochi za kichwani. Akifika kibanda cha kwanza tu akaona visiwa vya Mokulua jua likichomoza, inatosha kabisa.

Naomba kujua: mvua ikinyesha usiku, kipande kile hukauka baada ya saa ngapi? Na kwa magoti mabovu, wakati wa kushuka fimbo zirefushwe kiasi gani, au ni bora ashuke kinyumenyume akishikiliwa?